Tumeombwa "ngoma ya Kiarabu" harusini hapa Mwanza: ni ipi hasa, na tuicheze vipi?

Manju wa Ilemela

Habari za jioni, wanajukwaa. Ninaongoza kikundi cha ngoma za asili hapa Ilemela. Kazi yetu kubwa ni bugobogobo pamoja na ngoma nyingine za Kisukuma. Tunaalikwa kwenye harusi na mapokezi ya viongozi, na hatukosi sherehe za Bulabo kule Bujora, Kisesa. Sasa tumefuatwa na familia moja ya hapa mjini yenye asili ya Oman, wale ambao babu zao walipanda kutoka pwani kwa biashara ya duka na hawakurudi tena. Wanamwoza binti yao kwa kijana wa Muscat. Wanataka bugobogobo ichezwe wageni wakifika, kisha bwana harusi atakapoingia ukumbini tumpokee kwa "ngoma ya Kiarabu kama zile za kwenye televisheni".

Vijana wangu wamefurahi mno. Wameiona ile video ya mwaka 2023 ambamo Cristiano Ronaldo amevaa kanzu na kushika upanga, akicheza na wenzake wa Al Nassr katika siku ya kuadhimisha kuasisiwa kwa dola ya Saudia, nao wanaamini kwamba kazi ni kununua kanzu nyeupe, kuchonga panga za mbao na kuyumba kulia na kushoto. Mimi sina utulivu huo. Kila ninapotazama video naona kitu kingine: mara wanaume katika safu mbili wenye fimbo, mara wasichana wanaorusha nywele, mara watu walioketi duara wakipiga mitungi ya udongo, na kuna ngoma moja yenye zumari ambayo ningeapa kwamba inachezwa Tanga.

Ninaomba mwenye ujuzi anieleze kama hizi zote ni ngoma moja yenye sura nyingi au ni ngoma tofauti, na ipi inamfaa bwana harusi wa Muscat. Pia ningependa kujua kama kikundi kisicho na Mwarabu hata mmoja kinaweza kuicheza bila kuwavunjia wenyewe heshima. Nusu ya wachezaji wangu ni wasichana, kwa hiyo nisaidieni na hilo.

Msafiri wa Kirumba

Mkuu, umefanya vema kuuliza kabla ya kupokea advansi. Nilikuwa dereva Abu Dhabi na baadaye Muscat kwa miaka kadhaa. Harusi ambazo niliishia kusubiri nje kwenye gari ni nyingi kuliko nilizoingia, lakini ngoma za wanaume kule huchezwa nje, uwanjani, kwa hiyo nilizitazama hadi nikaweza kuzitofautisha.

Hakuna kitu kimoja kinachoitwa ngoma ya Kiarabu ya Ghuba. Mtu akikuomba "ngoma ya Kanda ya Ziwa", wewe mwenyewe utamuuliza kama anataka ya Wasukuma, ya Wakerewe au ya Wahaya. Ile ya Ronaldo ni ardha, na hasa ni ardha ya Najd, yaani ya katikati ya Saudia, uliko mji wa Riyadh. Asili yake ni vita, ila leo ni ngoma ya dola. Ndiyo aliyochezeshwa Rais Donald Trump alipozuru Riyadh mwezi Mei 2017. Wanaume wenye panga nyepesi husimama bega kwa bega katika safu mbili zinazotazamana, wapiga ngoma wakiwa katikati, na mshairi hutoa ubeti kwa sauti ya juu ili safu ziupokee kwa zamu. Saudia iliiandikisha katika orodha ya urithi wa utamaduni ya UNESCO mwaka 2015 kwa jina lake peke yake. Ukimpokea kijana wa Muscat kwa ardha ya Najd hutapigiwa kelele, maana Waomani ni watu wa staha, lakini wazee wake watatazamana.

Ile ya safu mbili zenye fimbo ni ayyala, ambayo Oman na Umoja wa Falme za Kiarabu waliiandikisha pamoja mwaka 2014. Kila safu huwa na watu wapatao ishirini, na kila mmoja hushika fimbo nyembamba ya henzerani inayosimama mahali pa mkuki au upanga. Ngoma kubwa na ndogo, matari na matuazi ya shaba huwapa mapigo, na vichwa na fimbo hushuka na kupanda kwa pamoja, polepole kuliko mgeni anavyotarajia. Pembeni kuna wachache wanaozunguka na panga au bunduki, ambazo huzirusha hewani na kuzidaka. Kurusha bunduki kumekua hadi kuwa mchezo unaojitegemea, unaoitwa yola, na Dubai kuna mashindano yake yanayoonyeshwa kwenye televisheni. Nadhani sehemu kubwa ya video ambazo vijana wako wanazitazama inatoka huko. Ndugu yake ayyala ni razfa, ambayo zamani ilikuwa ya kushangilia ushindi na sasa ni burudani ya harusi. Ndani yake utaona bunduki za mbao, jambo ambalo linakupa ruhusa ya kwenda kwa fundi seremala bila aibu. Bunduki halisi usiikubali hata kama mwenye nyumba ana kibali.

Kwa Waomani wenyewe, hata hivyo, ngoma ya kumpokea mtu wa heshima ni razha. Ina panga na ina mashairi, na ngoma zake ni mbili: rahmani, ambayo ni kubwa yenye sauti nzito, na kasiri, ambayo ni ndogo yenye sauti kali. Wapiga ngoma huzivaa begani na kutembea nazo. Waruka juu na wadaka panga wapo, na ndio wanaopigwa picha, lakini kwa mwenyeji wa Nizwa au Rustaq hao ni pambo tu.

Hapo ndipo penye jambo ambalo vijana wako hawataliona kwenye simu. Mwendo wa mwili katika ngoma hizi umefanywa mdogo kwa makusudi, kwa kuwa kinachosikilizwa ni shairi. Katika razha washairi hujibizana beti kwa beti. Mmoja anasifu ukoo wa bwana harusi, mwingine anamjibu kwa kuusifu ukoo wa bibi harusi au kwa kumtania mwenzake, na safu hurudia ubeti hadi ukae vichwani. Nyinyi mmelelewa katika bugobogobo, ambamo jembe hurushwa na mwili mzima unafanya kazi kama ulivyofanya shambani. Mkipeleka nguvu hiyo kwenye ayyala au razha mtaiharibu kabla bwana harusi hajafika kwenye kiti chake. Kikundi kisicho na mtu wa kughani kwa Kiarabu kinaweza kuvaa kanzu na kushika fimbo, lakini kitakuwa kimeigiza watu wanaosubiri shairi lianze.

Kijana wa Igogo

Mbona mnamzungusha mwenzetu? Familia inataka burudani. Apeleke bendi ya taarabu, ambayo ni ya Kiarabu na kila mtu ukumbini anaielewa, mambo yaishe.

Mwalimu wa Nyegezi

Ndugu wa Igogo, taarabu ni nzuri na hakuna atakayeilalamikia, ila haijibu swali lililoulizwa. Sultani Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohammed Ibrahim Misri ili ajifunze kupiga kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, na hata kikundi cha Nadi Ikhwan Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, kiliielekeza shingo yake Cairo kuliko Muscat. Mtu anayetaka muziki wa kuketi wa Ghuba yenyewe atafute muziki wa Kuwait na Bahrain unaoitwa sauti: mwimbaji mwenye udi, marwasi (ngoma ndogo) mbili tatu, makofi yanayopishana kwa ufundi wa ajabu, na wanaume wawili wawili wanaoinuka kucheza katikati ya waliokaa. Mohammed bin Faris wa Bahrain, aliyefariki mwaka 1947, ni miongoni mwa mabingwa wake wanaosikilizwa hadi leo katika rekodi za zamani. Huo ni muziki wa barazani usiku, na haufai kumwingiza bwana harusi ukumbini.

Wale walioketi duara wakipiga mitungi ni waimbaji wa fijiri wa Bahrain, na chimbuko lao ni mji wa Muharraq. Fijiri ni muziki wa wazamiaji lulu. Msimu mkubwa wa kuzamia ulikuwa wa kiangazi na uliwaweka baharini kwa takribani miezi minne mfululizo, kila jahazi likiwa na mwimbaji wake wa kuajiriwa, ambaye kazi yake ilikuwa kuongoza nyimbo za kutweka tanga, kung'oa nanga na kupiga makasia. Walichokiimba nchi kavu waliporudi, wakiwa na ngoma, matuazi madogo na mtungi unaoitwa jahla, ndicho kilichobaki baada ya kazi yenyewe kufa. Lulu za kufugwa za Japani zilivunja bei katika miaka ya 1920 na 1930, mdororo wa uchumi wa dunia ukaja juu yake, na mwaka 1932 mafuta yakapatikana Bahrain, hivyo vijana wakaacha bahari. Fijiri iliandikishwa UNESCO mwaka 2021. Mimi huwasikilizisha wanafunzi wangu ile sauti nzito wanayoivuta wote kwa pamoja chini ya mwimbaji kabla ya kuwapeleka Mwaloni, Kirumba, kurekodi nyimbo za kazi za wavuvi, kwa sababu bila hivyo wanadhani kwamba wimbo wa kazi ni jambo la kuonea haya.

Kilichonifanya niandike, lakini, ni ile ngoma ya zumari ambayo Manju angeapa kwamba inachezwa Tanga. Hiyo inaitwa liwa, na ilitoka huku kwetu Afrika Mashariki. Mpiga zumari huongoza, ngoma za ukubwa tofauti huwekwa katikati, na watu huzizunguka kwa duara wakienda hatua ndogo ndogo, mwendo ukianza taratibu na kukazwa kadiri usiku unavyokwenda. Nyimbo zake zina maneno ya Kiswahili, mengine yamechakaa hadi waimbaji wenyewe hawajui yanasema nini, na baadhi ya ngoma bado huitwa kwa majina ambayo mzee yeyote wa pwani atayatambua, kama msondo na chapuo. Huchezwa Oman, katika Falme za Kiarabu, Qatar, Bahrain na Kuwait, hadi Basra kusini mwa Irak.

Namna ilivyofika huko ni jambo la kusemwa wazi. Mabaharia wa majahazi walikwenda na kurudi kwa kusi na kaskazi, na baadhi yao walilowea katika bandari kama Sur ya Oman. Wengine wengi hawakwenda kwa hiari. Katika karne ya 19 mashamba ya mitende ya Oman na uzamiaji lulu wa Ghuba ulihitaji mikono, na watu walichukuliwa utumwani kutoka pwani na kutoka bara hii, kwa njia za misafara zilizopita Tabora na kuteremka hadi Bagamoyo. Vizazi vyao ndivyo vilivyoishika liwa, vikaifanya ngoma ya furaha, na leo inaalikwa katika harusi za watu wa kila asili kule Oman. Manju anaweza kuona kwamba hii ndiyo ngoma ambayo vijana wake wangeicheza vizuri kuliko zote, kwa kuwa mwili wao unaijua tayari. Nami nakubali. Ila kikundi cha Mwanza kikiicheza mbele ya familia ya Kiomani bila kuulizana kwanza, kuna wazee pande zote mbili watakaosikia ndani yake mambo ambayo hayazungumzwi siku ya harusi. Liwa ichezwe kwa kuombwa, isiwe kitu cha kuwashtukizia watu. Zaidi ya hapo, mpiga zumari wa kweli itabidi umsafirishe kutoka pwani, na gharama hiyo familia haijaitaja.

Binti wa Makoroboi

Asalaam aleikum. Kaka Manju, mimi natoka katika familia kama hiyo unayoieleza, nimezaliwa Mwanza na bibi zangu walizaliwa Mwanza, kwa hiyo nitazungumzia yale ambayo wenyeji wako wanaweza kuona tabu kukuambia.

Waulize kwanza wakubwa wa familia kuhusu ala. Katika nyumba zetu wapo wanaokubali kila kitu, wapo wanaokubali dufu tu kama kwenye zefe (msafara wa kumsindikiza bwana harusi) na maulidi, na wapo ambao mjomba mmoja tu akikunja uso shughuli inapoa. Aliyekuja kukuajiri huenda ni kijana anayetaka video nzuri, na si yeye atakayesema neno la mwisho.

Kuhusu wasichana: kurusha nywele ni kweli ni sehemu ya ayyala na razfa, hasa upande wa Falme za Kiarabu, ambako wasichana waliovaa magauni mapana ya nakshi husimama mbele ya safu na kuyumbisha nywele kulia na kushoto. Katika harusi ya Kiomani ya hapa Mwanza hutaliona hilo mbele ya wanaume. Wanawake huwa na ukumbi wao, simu huachwa mlangoni, na humo ndani nywele zinarushwa hadi alfajiri bila kamera. Kwa hiyo usiwafundishe wasichana wako jambo ambalo mahali pake hapapo, na tafadhali msinunue mawigi. Kama miongoni mwao wapo wanaoweza kupiga ngoma wenyewe, wapeleke ukumbi wa wanawake na bugobogobo yao. Nakuhakikishia kwamba watatuzwa kuliko wavulana, kwa sababu kule ndani wanawake wa familia zetu wamekua na majirani wa Kisukuma na nyimbo hizo wanazijua, ingawa mbele ya mawifi kutoka Muscat watajifanya hawazijui.

Jambo la jambia nalo lina uzito. Limo hata kwenye bendera ya Oman, na lile analolivaa bwana harusi mara nyingi ni la baba au babu yake. Wachezaji wa kukodiwa wakivaa majambia ya plastiki mbele yake, inaonekana kama dhihaka hata kama hamkukusudia. Fimbo zinatosha.

Na kwa maoni yangu razha ichezwe na wanaume wa familia zenyewe. Si kwamba nyinyi hamwezi kujifunza hatua zake. Razha ni maneno ya ukoo mmoja kwa ukoo mwingine, na mtu wa kukodiwa atamsifu nani?

Manju wa Ilemela

Nawashukuru nyote, na shukrani za pekee kwa dada wa Makoroboi, kwa sababu nilimfuata ami wa bibi harusi badala ya kijana aliyetuajiri, na mazungumzo yakawa mengine kabisa. Ala zinaruhusiwa. Kumbe wapo wazee wachache hapa mjini, na wengine watakaokuja kutoka Shinyanga na Tabora, ambao bado wanazikumbuka beti za razha walizozisikia kwa baba zao, na binamu wa bwana harusi anayekuja kutoka Muscat ni mghani anayejulikana huko kwao. Safu zitakuwa za kwao. Ngoma ndizo hawana, na wameomba wapigaji wangu wawasaidie. Nilipomtajia liwa, ami alicheka, akasema bibi yake aliicheza, akaniomba tuiache kwa sasa.

Jambo la zefe pia limenifungua macho: wanataka waingie kwa dufu kutoka getini, kisha ngoma zipokee mlangoni.

Naona mfano wa mashindano yetu ya Wagika na Wagalu, vile vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, hapa, maana kwetu pia manju asiyejua kutunga huachwa uwanjani na watu wakahamia upande wa pili, hata wachezaji wake wawe hodari namna gani. Kwa hiyo sina shida kukubali kwamba hapa sisi ni wapigaji, na wenye maneno ni wao. Ninachouliza sasa ni kama ngoma zetu za Kisukuma zinaweza kusimama mahali pa rahmani na kasiri, au itatubidi tuazime kwingine.

Msafiri wa Kirumba

Zitafaa, mkuu, kama utachagua vizuri. Chukua moja yenye sauti nzito kabisa na nyingine ndogo iliyokazwa ngozi hadi iwe kali, na usiongeze ya tatu hata vijana wakikusihi, kwa sababu wingi wa ngoma utafunika shairi. Zitiwe mikanda ya begani yenye kuhimili uzito, kwa kuwa wapigaji watatembea kati ya safu na hawatakuwa na mahali pa kuziweka chini. Mwendo msijipangie, mghani akifika kutoka Muscat akae na wapigaji wako, awapigie kwa mkono mwendo anaoutaka, na mrekodi kwenye simu ili mfanyie mazoezi.

Bugobogobo iishe kabla zefe haijafika getini, na mpate nafasi ya kupumua, maana mpigaji aliyetoka kwenye bugobogobo huwa na mikono yenye haraka. Kanzu za wapigaji zishonwe za Kiomani, zisizo na ukosi na zenye kishada kidogo shingoni. Mafundi wa mjini wanaozishona wapo, ila uwawahi kabla ya msimu wa Idi.